Udongo kwenye haidrojeli: kwa nini yako inakatika kama maziwa mgando

Kuna mwanafunzi wa kemia mwaka wa tatu kaniandikia swali refu, nalifupisha hapa ili wengine mfuate: "Shikamoo mwalimu. Projekti yangu ni haidrojeli (jeli inayobeba maji ndani yake) iliyoongezwa udongo. Nimesoma kwamba ukiweka udongo jeli inavutika mpaka mara kumi ya urefu wake bila kukatika. Mimi nimechukua maji mililita 100, akrilamaidi gramu 7, BIS gramu 0.15 na kaolini ya Pugu gramu 5. Imetoka nyeupe kama maziwa mgando, udongo mwingine umelala chini ya bika, na nikiivuta inakatika hata kabla sijaanza kusoma rula. Nimekosea wapi? Na huo udongo unafanya kazi gani hasa humo ndani?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole, pili hujakosea peke yako, hili kosa nimeliona kwa watu wenye digrii tatu. Na kosa lenyewe sio vipimo, ni namna ulivyomuelewa huyo udongo. Wewe umemchukulia kama kokoto kwenye zege, yaani jeli ipo tayari, sasa tunaongeza kitu kigumu iwe imara. Kumbe kwenye zile jeli ulizosoma udongo sio kokoto, udongo ndo fundo lenyewe. Ukishaelewa hapo mengine yote yanajipanga.

Tuanze na mlenda. Ukichukua minyororo mirefu ya polima ukaiacha kwenye maji bila kuifunga popote unapata mlenda, unavutika, unateleza, na ukiuacha unatiririka, haukai na umbo. Ili mlenda uwe jeli lazima ile minyororo ifungwe mahali mahali iwe wavu, na maji yanakaa kwenye matundu ya wavu. Vile vichembe vya ndani ya pampas ni hivyo hivyo, polima yenye mafundo machache inayobeba maji mengi kuliko uzito wake. Kwenye kopo lako minyororo inatokana na akrilamaidi, na fundo ni BIS, yaani methilini-bis-akrilamaidi. Molekuli moja ya BIS ina mikono miwili, mmoja unaingia kwenye mnyororo huu na mwingine kwenye ule, basi wameshikana, na huo muunganiko ni wa kemikali, ukikatika umekatika haurudi.

Sasa tupige hesabu ya vipimo vyako mwenyewe maana hapa ndo utamu ulipo. Akrilamaidi gramu 7 kwenye mililita 100 ni kama moli 1 kwa lita, na BIS yako ni karibu asilimia 1 ya hiyo, yaani moli 0.01 kwa lita. Ukigawanya ujazo wote kwa idadi ya molekuli za BIS, kila fundo linapata kijumba cha upande wa nanomita 5 na nusu hivi. Na kati ya fundo na fundo kwenye mnyororo mmoja kuna wastani wa yuniti 50 tu za akrilamaidi, kwa sababu kila BIS inaingia mara mbili. Yuniti moja ina urefu wa kama nanomita 0.25, kwa hiyo kipande hicho hata ukinyooshe kikawa kama uzi wa kitenge kwenye cherehani kinafika nanomita 12 na nusu, basi. Kutoka 5.5 kwenda 12.5 ni mara mbili na ushee. Yaani jeli yako hata ingekuwa nzuri kupindukia, hata bila udongo wowote, haikuwa na nafasi ya kuvutika mara kumi, uzi wenyewe haupo!

Halafu huo ni wastani. BIS inaingia ovyo, sehemu nyingine yuniti 10, sehemu nyingine 200. Ukivuta, vile vifupi vinakaza kwanza, vinabeba mzigo wa jirani zao ambao bado wamelegea, vinakatika, mzigo unahamia kwa anayefuata kwa ufupi, naye anakatika, ndo unasikia tu tap imepasuka. Umeshawahi kuona mchezo wa kuvuta kamba, watu kumi upande mmoja ila wawili tu ndo wamekaza na wengine wanasindikiza? Ndo hiyo. Na ukisema uongeze BIS iwe imara zaidi, unafupisha nyuzi, jeli inakuwa ngumu kidogo lakini inakatika mapema zaidi. Hapo ndipo watu walikwama miaka na miaka.

Waliofungua hii njia ni Kazutoshi Haraguchi na mwenzake Toru Takehisa wa taasisi ya utafiti wa kemia ya Kawamura, kule Sakura mkoa wa Chiba, Japani, waliichapisha mwaka 2002 kwenye jarida la Advanced Materials. Walichofanya ukikisikia unaona ni rahisi mpaka unakasirika kwamba hukukifikiria wewe: BIS waliitoa kabisa. Wakaweka udongo wa kutengenezwa kiwandani wa jamii ya hektoraiti unaouzwa kwa jina la Laponite, ule ule unaotiwa kwenye rangi za ukuta, dawa ya meno na vipodozi ili viwe vizito visitiririke ovyo, wakatengeneza polima humo humo ndani ya maji yenye udongo. Ikatoka jeli angavu kama kioo, inavutika zaidi ya asilimia 1,000, unaipiga fundo kama kamba ya viatu na haikatiki. Polima yao ilikuwa ya NIPAM, jamaa yake akrilamaidi, lakini baadaye imefanyika hata kwa akrilamaidi kama yako na kwa dimethilakrilamaidi.

Laponite ukiitia kwenye maji safi inaachana yote mpaka inabaki sahani moja moja, kila sahani ina upana wa nanomita 25 mpaka 30 na unene wa nanomita 1. Iwazie kama sinia la pilau ila limekondeshwa. Gramu moja ina sahani kama 500,000,000,000,000,000 (5 na sifuri 17), na ukijumlisha nyuso zake zote mbili, juu na chini, unapata kama mita za mraba 750. Gramu 10 zinatosha kutandika uwanja mzima wa mpira, hesabu uwanja wa mita 105 kwa 68 utaona. Ukiweka gramu 3 kwenye mililita 100 zako, sahani moja na jirani yake wanakuwa mbali kama nanomita 40 kutoka kati hadi kati. Sio 5.5 tena.

Na uso wa hiyo sahani minyororo inaupenda. Vikundi vya amaidi kwenye polima vinashikana na uso wa udongo kwa vifungo vya haidrojeni na vinginevyo vidogo vidogo, kimoja kimoja ni dhaifu ila viko vingi sana, kama kupe kwenye ng'ombe, mmoja unamtoa kwa kidole ila elfu moja ni kazi ya siku nzima. Zaidi ya hapo, pasalfeti na TEMED unazotumia kuanzisha polima zinapenda kukaa karibu na uso wa sahani, kwa hiyo minyororo inaanza kuota hapo hapo, kila sahani inakuwa kama brashi yenye manyoya pande zote, halafu manyoya ya sahani hii yanakutana na ya ile yanaunganika. Mwisho wa yote sahani moja imeshika minyororo mingi kwa mpigo, na kati ya sahani mbili nyuzi ni ndefu zimejikunja. Uzi wenye yuniti 1,600 kwa mfano ukinyooka unafika nanomita 400, na sahani zilikuwa mbali nanomita 40. Ndo hiyo mara kumi yako.

Ukivuta, nyuzi zinagawana mzigo maana ziko nyingi kwenye fundo moja na zote zina akiba. Sahani nazo zinageuka zinajipanga kufuata upande unaovuta. Na uzi ulioelemewa haukatiki lazima, unaweza kubanduka sehemu kwenye sahani, ukalegea, ukaja kushika pengine. Hapo nguvu inapotea kama joto, ndo maana ukivuta jeli ya namna hii ukaiachia halafu ukavuta tena, mchoro wa pili wa nguvu dhidi ya urefu unapita chini ya wa kwanza na jeli inabaki na urefu kidogo ambao haikuwa nao. Sio ubovu, ni tabia yake, na kwenye ripoti yako uionyeshe usiifiche. Ukiikata vipande viwili ukaviweka uso kwa uso ukavipa muda, na joto kidogo likisaidia, vinashikana tena. Ya BIS jaribu hivyo uone.

Kitu kingine kinachonifurahisha mimi binafsi: ukiongeza udongo jeli inakuwa ngumu zaidi LAKINI bado inavutika vile vile, mpaka kiwango fulani. Kwa BIS ilikuwa lazima uchague moja, ugumu au uvutikaji. Kwa ukubwa wa namba, jeli hizi zinabeba toka makumi ya kilopaskali kwenda mamia kutegemea udongo ni kiasi gani, na kilopaskali 100 ukiileta kwenye maisha ni kama kipande chenye unene wa sentimita 1 kwa sentimita 1 kinaning'iniza kilo 1 ya sukari. Kwa kitu ambacho asilimia karibu 90 ni maji, sio mchezo.

Utauliza wamejuaje yote hayo na sahani yenyewe haionekani. Njia moja ni ya ukatili, unayeyusha udongo kwa asidi ya haidrofloriki (USIJARIBU, hiyo asidi inapita kwenye ngozi inakula mfupa, nakuambia kwa ajili ya kuelewa tu), udongo ukiisha jeli yote inageuka kuwa mlenda, minyororo iliyobaki ni mirefu isiyofungwa popote na uzito wa molekuli unafika mamilioni. Maana yake mafundo yalikuwa udongo, hakuna mengine. Njia ya pili ni nzuri zaidi, ya kupiga jeli kwa neutroni. Hapa kikundi cha Mitsuhiro Shibayama wa Chuo Kikuu cha Tokyo kilifanya kazi kubwa. Unajua ukitumbukiza kijiti cha pyrex kwenye mafuta ya kula kinapotea machoni? Kipo ila hukioni, kwa sababu mwanga unapinda sawasawa kwenye vyote viwili. Neutroni nazo zina mtindo huo, ukichanganya maji ya kawaida na maji mazito (yale yenye haidrojeni nzito) kwa kiwango fulani udongo unapotea unabaki polima peke yake, ukibadilisha kiwango polima inapotea unabaki udongo. Kwa kufanya hivyo walionyesha kwamba sahani zimetawanyika moja moja, na kila sahani imevaa koti la polima lenye unene wa kama nanomita 1.

Haya turudi kwenye bika lako. Kaolini ya Pugu ni udongo mzuri sana, wa keramiki, wa karatasi, wa rangi, sina ugomvi nao. Ila matabaka yake membamba, tuyaite karatasi, hayafunguki yakawa sahani moja moja. Karatasi moja imeshika mwenzake kwa vifungo vya haidrojeni kila nanomita 0.7, maji hayaingii kati, kwa hiyo unachotia ni vitabu vizima vilivyofungwa, sio karatasi. Uso wake kwa gramu mara nyingi ni mita za mraba 10 hadi 20, linganisha na 750. Ni vikubwa vinazama, ndo huo uliolala chini. Na ukubwa wake unalingana na mawimbi ya mwanga au kuzidi, kwa hiyo vinautawanya, ndo huo weupe. Kila kitabu hicho ndani ya jeli yako ni kokoto isiyoshikwa vizuri, mpasuko unaanzia hapo. Umeweka kokoto kwenye wavu ambao tayari ulikuwa na nyuzi fupi, itavutikaje?

Udongo unaoutaka ni wa jamii ya smektaiti, unaovimba. Na huo unaujua, yule mweusi wa mbuga anayepasua nyumba za watu! Masika anavimba anainua msingi, kiangazi ananywea anaacha nyufa unaingiza mkono mpaka kiwiko. Kinachovimba mle kwa sehemu kubwa ni smektaiti kama montimorilonaiti, maji yanaingia kati ya karatasi yanazitenganisha. Tabia ile ile inayomliza fundi ujenzi ndo inayotufaa sisi. Ila usichote mbugani ukatia kwenye bika, umejaa mchanga, chokaa, mabaki ya mimea na chuma, na chuma kinaweza kuvuruga kuota kwa polima. Kama bajeti hairuhusu Laponite tafuta bentonaiti ya sodiamu ya wachimba visima, uisafishe: loweka kwenye maji mengi, koroga, acha itulie masaa 8, halafu nyonya sentimita 10 za juu tu, hapo vyenye ukubwa wa zaidi ya maikromita 2 vimeshapita chini. Ukiwa na eksirei ya unga kwenye idara yenu pima kabla na baada, kilele cha karatasi zilizobebana kikipotea ndani ya jeli ujue zimeachana, kikibaki ujue bado una vitabu. Nikuambie ukweli, jeli ya bentonaiti haitakuwa kioo kama ya Laponite, sahani zake ni pana na za saizi tofauti tofauti na ina rangi, lakini kwa projekti ya mwaka wa tatu itakuonyesha tofauti wazi kabisa.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya makopo matatu, BIS peke yake, kaolini bila BIS, na smektaiti bila BIS. La pili likibaki mlenda wenye matope au jeli legelege usilitupe, hilo ndo ushahidi wako kwamba sio kila udongo ni fundo, lipige picha.

Kwa Laponite anza hivi, kwa mililita 100: maji yaliyochujwa kwa mvuke, sio ya bomba na wala usithubutu ya kisima, maana chumvi inafanya sahani zishikane zenyewe kwa zenyewe. Gramu 3 za udongo zinyunyizwe kidogo kidogo huku maji yanazunguka. Mara ya kwanza mimi nilimwaga zote kwa pamoja nikapata madonge kama ugali wa mtu aliyeachwa na mke, kavu ndani unyevu nje, nikakoroga usiku kucha hayakuisha. Subiri mpaka yawe angavu kabisa ndo utie akrilamaidi. Ukizidisha udongo yatakuwa mazito yenyewe kabla hata ya polima, sahani zinashikana ukingo kwa uso kama nyumba ya karata, hapo itabidi utumie aina yenye pairofosfeti ndani yake, imetengenezwa kwa ajili hiyo. Akrilamaidi bado ikiwa unga ni sumu ya neva, inapita kwenye ngozi, vaa glavu na barakoa, usipime mezani huku unakunywa chai.

Kisha weka kwenye barafu, pitisha naitrojeni kama dakika 20 kutoa oksijeni (oksijeni inaua polima ikiwa bado changa, uso wa jeli unabaki wa kunata), tia TEMED maikrolita 80 na pasalfeti ya potasiamu gramu 0.1 iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, mimina kwenye mirija ya kioo, ziba, acha kwenye maji ya nyuzi 20 mpaka kesho yake. Akrilati ya sodiamu usichanganye humo, hiyo nayo ni chumvi, sahani zitashikana zenyewe na yote yanaganda madonge. Na kama utajaribu NIPAM kumbuka polima yake inajikunja kuanzia nyuzi 32 hivi, kwa Dar mwezi wa pili jeli inaweza kugeuka nyeupe juu ya meza bila mtu kuigusa, usinilaumu, itie tu kwenye maji ya baridi itarudi.

Kuna njia nyingine ya Takuzo Aida na wenzake, nao wa Tokyo, mwaka 2010 kwenye Nature, wao hawaotishi polima kabisa, wanachanganya tu udongo na molekuli zilizotengenezwa tayari zenye matawi yanayong'ang'ania sahani, inaganda papo hapo ikiwa na maji asilimia 95 hadi 98. Kinachonichekesha ni kwamba sahani wanazitenganisha kwanza kwa poliakrilati ya sodiamu, binamu yake yule wa kwenye pampas. Yale matawi hutayapata dukani, lakini soma ujue ipo.

Siku ya kuvuta sasa. Usibane jeli moja kwa moja na vibanio vya mashine, itateleza au itapondeka, funga ncha zake kwa msasa mlaini, upande wa mikwaruzo uguse jeli. Pima kipenyo kabla hujaanza kwa sababu ikivutika mara kumi inakonda na ukigawanya kwa kipenyo cha mwisho utapata namba tofauti kabisa, chagua moja useme umetumia ipi. Paka mafuta ya silikoni kidogo maji yasikauke ukiwa bado unahangaika na skrubu. Usiilaze kwenye maji usiku kabla ya kupima pia, inanywa, inavimba, inakuwa dhaifu, halafu unalinganisha na namba za jeli ambayo haijavimba. Na mwendo wa kuvuta uandike, milimita ngapi kwa dakika, kwa sababu vile vifungo vinavyobanduka na kushika tena vinahitaji muda, ukivuta haraka jeli ni ngumu, ukivuta polepole ni laini, jeli ni ile ile. Ukinitumia mchoro bila mwendo sitaweza kukuambia chochote.